Vyura wa Kihansi na taa za Kariakoo



Leo naweka pembeni habari za boom, foleni ya mgahawani na nani kanuniana na nani kule hosteli. Wiki nzima kichwa changu kimekaa kwenye chura. Ndiyo, chura, mmeusoma vizuri. Mwenzenu nasoma historia, na tulitakiwa tuchague tukio moja la nchi yetu baada ya mwaka 1990 tuliandikie insha. Wenzangu wakakimbilia vyama vingi, ubinafsishaji, EPA. Mimi nikachagua mnyama ambaye dume lake likikaa juu ya sarafu ya shilingi mia mbili linabaki na nafasi ya kugeuka. Insha ya mwalimu nimeshaikabidhi, ina tanbihi na kila kitu. Hii hapa ndiyo ile niliyotaka kuiandika.

Anaitwa chura wa Kihansi. Jina lake la kisayansi ni Nectophrynoides asperginis, na hilo neno la pili limetokana na Kilatini, maana yake rasharasha. Walimpa jina zuri kwa sababu rasharasha ndiyo ilikuwa nyumba yake. Mto Kihansi unatoka nyanda za juu za Iringa, unafika kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa, halafu ardhi inamkimbia chini ya miguu. Kutoka juu ya korongo hadi chini ni tofauti ya kimo cha mita kama 850. Maji yakijipigapiga kwenye miamba yanageuka ukungu, na ukungu ule ulikuwa ukilowanisha majani ya pembeni usiku na mchana, masika na kiangazi. Kwenye majani hayo ndiyo waliishi vyura hawa, na si mahali pengine popote duniani. Ukijumlisha vipande vyote vya makazi yao unapata hekta mbili hivi. Karibu viwanja vitatu vya mpira, basi. Kiumbe mzima, tangu Mungu aumbe, dunia yake ni viwanja vitatu vya mpira.

Rangi yake ni ya haradali. Na hatagi mayai majini kama hawa wa kwetu wanaotupigia kelele bonde la Jangwani mvua ikinyesha. Jike linazaa watoto kamili, wana miguu tayari, wadogo sana. Hakuna kiluwiluwi wa kuogelea. Ukifikiria unaona ni akili, maana pale ukiweka mayai mtoni utayafuata Kilombero.

Haya, tuache korongo kidogo turudi mjini, kwa sababu kisa hiki hakieleweki bila Dar es Salaam.

Umeme wa kwanza Dar uliwashwa enzi za Mjerumani, mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa ya Wazungu. Mtaa wa Waafrika, ule ambao Waingereza walipoingia mwaka 1916 waliweka kambi ya wapagazi wao wa vita wa Carrier Corps, na sisi kwa midomo yetu tukaifanya Kariakoo, haukuwa kwenye hesabu hiyo. Taa zilikuja huko polepole sana, nyumba moja moja. Sasa nendeni Kariakoo ya leo muone. Mashine za kudarizi, friji za soda, taa za maduka ya simu ambazo hata saa sita mchana haziwezi kuzimwa kwa sababu chini ya yale maghorofa jua haliingii. Mtaa ule umeme ukikatika unasikia kwanza ukimya wa sekunde mbili tatu, kisha jenereta zinaanza kunguruma moja baada ya nyingine kutoka Msimbazi mpaka Kongo. Huo ndio muziki wa Kariakoo.

Muziki huo ulianza kusikika sana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nchi ilikuwa inategemea maji kwa sehemu kubwa ya umeme wake, hasa Kidatu (megawati 204) na Mtera (megawati 80), na hayo mawili yako kwenye mto mmoja, Ruaha Mkuu. Maana yake ni kwamba ukame ukipiga juu ya Mtera, vyote viwili vinaumwa pamoja. Ndivyo ilivyokuwa. Mgawo ukaja mwaka 1992, ukaja tena mwaka 1994. Wazee wa Dar wanaweza kukuhadithia.

Katika hali hiyo Kihansi ilionekana kama zawadi. Wahandisi wanapenda sana mto wa aina ile: maji machache, kimo kikubwa. Huhitaji ziwa la kutisha wala kuhamisha vijiji. Ukuta wa mita 25 unatosha, unayachukua maji juu, unayapitisha ndani ya mwamba, yanashukia kwenye mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja, iliyochimbiwa pangoni chini ya mlima. Jumla megawati 180. Benki ya Dunia ikatoa mkopo, Norway, Sweden, Ujerumani na benki ya uwekezaji ya Ulaya wakaingia. Mradi wenyewe uligharimu zaidi ya dola milioni 200. Kwenye makaratasi ulikuwa mmoja wa miradi safi kabisa ya bwawa Afrika. Naomba mlikumbuke neno hilo, safi, kwa sababu hakuna aliyekuwa anadanganya. Mtu aliyekuwa anahesabu watu watakaohamishwa na mashamba yatakayozama alipata karibu sifuri. Hakuna aliyekuwa amehesabu rasharasha.

Ujenzi ukaanza katikati ya miaka ya 1990. Uchunguzi wa kina wa viumbe wa korongo ukafanyika wakati ujenzi tayari unaendelea, mikataba imesainiwa, mwamba unapasuliwa. Na mwaka 1996 watafiti wakamwona chura.

Hapa ndipo mimi kama mwanahistoria mchanga nilikaa kitako. Mnaliona jambo? Korongo lile ni refu, linateleza, halifikiki kirahisi. Kilichowaleta watafiti pale kuchunguza kwa makini ni mradi wa bwawa. Bila mradi huenda tungekaa miaka mingine mingi bila kumjua. Mradi ndio uliomtambulisha chura kwa dunia, na mradi huohuo ndio uliokuwa unakwenda kumkatia maji. Maelezo yake ya kisayansi yalitoka mwishoni mwa miaka ya 1990, yameandikwa na John Poynton, Kim Howell, Barry Clarke na Jon Lovett. Huyo Howell alikuwa mwalimu hapahapa Mlimani, Idara ya Zuolojia. Katika kichwa cha makala yao tu walishaandika kwamba spishi hii mpya iko hatarini mno kutoweka. Yaani cheti cha kuzaliwa na taarifa ya ugonjwa vimetoka siku moja.

Mitambo ikawashwa kati ya mwishoni mwa 1999 na mwaka 2000. Mto ambao kwa wastani ulikuwa na mita za ujazo kama 16 kwa sekunde, korongoni ukabaki na sehemu ndogo, kama moja ya kumi. Ukungu ukakatika. Majani ya pembeni yakaanza kunyauka na mengine ya nchi kavu yakaingia.

Sasa kilichofuata ni kati ya mambo ya ajabu yaliyowahi kufanyika kwenye ardhi yetu. Kati ya mwaka 2000 na 2001 walifunga korongoni mabomba ya kunyunyizia maji. Hakuna pampu, maji yanashuka kwa uzito wake yenyewe kutoka juu na kutoka kwenye vitundu vidogo, ili kuiga rasharasha ya maporomoko. Umwagiliaji wa chura! Na mwishoni mwa mwaka 2000, kwa makubaliano na serikali, vyura 499 wakakusanywa na kupandishwa ndege kwenda Bronx Zoo, New York. Kutoka hapo wakagawiwa bustani nyingine za wanyama za Marekani.

Huko ughaibuni hali ilikuwa mbaya kwanza. Hakuna aliyejua wanahitaji mwanga wa aina gani, maji ya aina gani, wadudu wa ukubwa gani. Wakafa, wakafa. Kufikia mwishoni mwa 2004 walikuwa wamebaki chini ya 70, kwenye bustani mbili tu, Bronx na Toledo.

Nyumbani je? Mabomba yalionekana kufanya kazi. Hesabu ya katikati ya 2003 ilikadiria vyura karibu 21,000 korongoni. Watu wakapumua. Miezi michache baadaye wakaanguka kama mchezo, na Januari 2004 watafiti walioingia korongoni waliona vyura watatu na kusikia sauti za wawili. Kutoka elfu ishirini na moja hadi watano. Baada ya 2005 hakuna aliyeonekana tena. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, IUCN, likaandika rasmi kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini.

Nini kiliwaua? Katika mwaka uleule wa 2003 bwawa lilifunguliwa kusafisha tope, na tope hilo lilikuwa na mabaki ya dawa za mashambani. Mabomba nayo yalikuwa na matatizo yake. Lakini kwenye mizoga walikuta fangasi wa ngozi, yule anayeitwa chytrid, ambaye ameua vyura kuanzia Australia mpaka Panama. Utafiti wa baadaye kwenye vielelezo vilivyohifadhiwa ulimnyooshea kidole fangasi huyo kuliko mengine yote. Alifikaje kwenye korongo lililojitenga vile? Inadhaniwa huenda aliingia na watu, kwenye viatu au vifaa. Na watu waliokuwa wanaingia mara nyingi korongoni miaka ile ni hao waliokuja kwa ajili ya mradi na kwa ajili ya kuwaokoa. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaenda kunywa chai.

Jumamosi iliyopita nikashuka Kariakoo kwa mwendokasi kumsalimia mjomba wangu. Mjomba ana kijiofisi cha kudarizi Mtaa wa Mchikichi, ghorofa ya kwanza, ngazi zake ukipishana na mtu mwenye mzigo mmoja arudi nyuma. Mashine tatu za umeme. Nisieleweke vibaya ninapoandika habari za chura: ada yangu ya sekondari yote ilitoka kwenye mashine zile. Kila kanzu uliyoiona msikitini ina uzi kifuani, mjue kuna mtoto wa mtu amesomeshwa pale.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya msomi, wanawafundisha nini siku hizi huko juu?"

Nikamwambia naandika habari za vyura wa Kihansi. Akasimamisha mashine.

"Wale waliopelekwa Marekani kwa ndege? Mimi Unguja yenyewe nimekwenda mara moja, kwa boti, na nilitapika njia nzima."

Kijana wake wa kazi akacheka mpaka akadondosha mkasi. Lakini mjomba hakucheka. Akanionyesha kwa kidevu cherehani ya miguu iliyo kwenye kona, imefunikwa kitambaa. Tangu niko mdogo naiona pale na sikuwahi kuuliza. Akanieleza kwamba ni ya mwaka 2006. Mwaka ule mvua zilikataa, Mtera ikashuka chini ya kiwango cha kuendeshea mitambo, na Dar ikawa gizani mchana kutwa. Ramadhani iliangukia Septemba na Oktoba. Kwa fundi wa kanzu huo ndio mwezi wa mavuno, kama Krismasi kwa wauza nguo za watoto. Alikuwa na oda za Idi nyingi na mashine mbili za umeme za mkopo. Zote kimya. Akaenda kuazima cherehani ya miguu kwa mzee mmoja wa Ilala, akawa anashona kwa pedali usiku kwa taa ya chemli, darizi za mkono. Nusu ya wateja walirudishiwa pesa zao. Yule mzee baadaye alifariki na familia yake wakamwambia mjomba aibakize tu ile cherehani.

"Na wakati mimi napiga pedali," akasema, "kuna maji yanamwagwa mlimani kwa ajili ya chura. Niambie wewe uliyesoma, hiyo ni haki?"

Wadau, hilo swali usilichukulie rahisi. Kuna watu wakisikia maneno kama hayo wanasema ni ujinga, watu hawaelewi mazingira. Mimi nilimwona mwenye hoja. Waliopokea mkopo na waliotoa mkopo hawakukosa umeme usiku ule. Gharama ya chura ilikuwa inapelekwa kwa mtu wa Mchikichi, na hakuna aliyewahi kumpa risiti yake aone ni kiasi gani.

Kwa hiyo nikatafuta risiti. Rafiki yangu wa uhandisi akanipigia hesabu nyuma ya karatasi ya kufungia chapati. Kila mita moja ya ujazo kwa sekunde ikishuka mita 850 kupitia mitambo mizuri inatoa kama megawati saba na nusu. Maji yanayotakiwa kuachwa yaende korongoni ni kati ya mita 1.5 na 2. Kwa hiyo chura na korongo lake wanachukua, kwa kiwango cha juu, megawati kama 15 kati ya 180. Sehemu moja ya kumi na mbili. Kiangazi, mto ukiwa mdogo, sehemu hiyo inakuwa kubwa zaidi, hilo sitalificha. Lakini wekeni kando ya mambo mengine ya miaka ile. Mtera na Kidatu pamoja ni megawati 284 na ndizo zilizokuwa zimekauka. Katika miaka hiyo ya 2000 zaidi ya asilimia 15 ya umeme wa gridi ilikuwa inapotea njiani na kwa wizi. Na mwaka huohuo wa 2006 ndipo ulisainiwa mkataba wa dharura wa Richmond, megawati 100 ambazo hazikuja kwa wakati, na ambao ulimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Kama mjomba anataka kujua nani alizima mashine zake, foleni ya watuhumiwa ni ndefu na chura yuko mwisho kabisa, tena amesimama kwenye kigoda ili aonekane.

Halafu kuna jambo jingine ambalo nililiona nikiwa nalinganisha tarehe tu. Ramadhani ya 2006 korongoni hakukuwa na chura. Hata mmoja hakuwa ameonekana. Wote waliojulikana kuwa hai duniani walikuwa kwenye vioo vya Wamarekani.

Nikamwambia mjomba hivyo. Nilidhani nimemshinda. Akaniangalia muda mrefu kisha akauliza, "Sasa yale maji walikuwa wanamnyunyizia nani?"

Jibu nilikuwa nalo, lakini nimekiri moyoni kwamba ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani. Walikuwa wanalinyunyizia korongo. Ukifunga mabomba siku chura anapotoweka, majani ya unyevu yanakufa, wadudu anaowala wanakufa, na siku ukimrudisha kutoka Marekani unamrudisha kwenye mwamba mkavu. Tena chura hakuwa peke yake mle. Kuna hata mbuni wa porini, ndugu wa kahawa, aliyegunduliwa korongoni humo na kupewa jina la Coffea kihansiensis. Kutunza chumba ambacho mwenyewe hayupo ni kazi ngumu kuitetea mbele ya mtu anayepiga pedali, ndiyo maana nadhani ilibidi itetewe hadharani, kwa Kiswahili, kwa namba. Badala yake ripoti zikaandikwa kwa Kiingereza zikakaa makabatini, na mitaani ikabaki ile ya ndege tu.

Kwa kulinganisha, Wamarekani wenyewe walipitia kitu kama hiki. Mwaka 1973 aligunduliwa samaki mdogo anayeitwa snail darter kwenye mto Little Tennessee, wakati bwawa la Tellico linajengwa. Kesi ikaenda hadi Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1978 samaki akashinda! Mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha msamaha maalumu kwa bwawa, milango ikafungwa. Samaki akapona kwa sababu alihamishiwa mito mingine na baadaye akakutwa kwingine pia, mpaka mwaka 2022 akaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Chura wetu hakuwa na mto mwingine wa kuhamia. Wala hakuwahi kusimama mahakamani. Kwetu mabishano yalifanyika kwenye vikao vya wafadhili na serikali, na kilichozaliwa humo kilikuwa mradi wa mazingira wa Kihansi ya chini, na kibali cha maji kinachotaja kwamba mto una haki ya kubakiziwa kitu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo leo kila anayetaka kujenga kituo cha mafuta analalamika kwamba inamchelewesha, ilitungwa katika kipindi hichohicho cha kujifunza kwa maumivu.

Sasa sehemu ambayo wengi hawaijui. Wamarekani wakajifunza kuwalea. Wakaanza kuzaana kwa maelfu. Agosti 2010 vyura 100 wakapanda ndege tena, safari hii kuja nyumbani, wakafikia hapahapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye kituo kilichoandaliwa kwa ajili yao. Yaani wakati watu wanagombania viti vya daladala Mwenge, kulikuwa na wageni mia moja Mlimani wanaotengenezewa hali ya hewa ya Udzungwa. Mwaka 2012 wakaanza kupelekwa korongoni, kwanza wachache wa majaribio, na mwaka huohuo wakaachiwa kama 2,000. Inatajwa kwamba ni mara ya kwanza amfibia aliyekuwa ametoweka porini kurudishwa kwao. Fangasi hakuondoka, kwa hiyo kazi ya kurudisha imekuwa ya kupeleka, kuhesabu, kupeleka tena. Mabomba yanaendelea kunyunyiza.

Mtaniuliza, kwa hiyo mjomba alikubali? Hakukubali. Alisema hesabu ya rafiki yangu ameielewa, na kwamba kama mwaka 2006 mtu mmoja angekuja pale Mchikichi na karatasi ile akasema, mzee, katika kila shilingi ya giza lako hiki ndicho cha chura na hiki ndicho cha wakubwa, angepiga pedali bila kinyongo na chura. Kinyongo na wakubwa angebaki nacho.

Nikarudi kwenye ramani, maana kulikuwa na kitu kimoja kinanisumbua kuhusu hayo maji "yanayomwagwa". Kihansi unaingia Kilombero. Kilombero unakwenda kuungana na Luwegu na hapo ndipo Rufiji inapoanzia. Na juu ya Rufiji, tangu Februari 2024 mtambo wa kwanza ulipowashwa, kuna bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Yale maji yanayopita kwenye vitundu vya mabomba na kumlowanisha chura yanatiririka hadi chini ya korongo, yanapita kwenye mashamba ya mpunga ya Kilombero, yanapoteza kiasi chake juani, na yanayofika yanaingia kwenye mitambo ya Rufiji pamoja na yale yaliyopita ndani ya mwamba. Sehemu ndogo tu ya bwawa kubwa, na kimo chake si mita 850. Lakini kutoka pale waya unakuja Chalinze, gridi inaingia Dar, Ubungo, Ilala, mpaka ghorofa ya kwanza Mtaa wa Mchikichi.